Kibao cha Majina Mawili

"Jina langu liko wapi?"

"Nisikilize kwanza."

"Nimeuliza jina. Naona la kwako peke yake, limejinyoosha katikati kama limepanga chumba."

"Punguza sauti. Wanasikia."

"Wasikie. Kwani kibao si cha kusomwa na watu?"

"Miko, ni kibao tu."

"Kama ni kibao tu, ungeliacha jina langu likae."

Widuri akainamisha macho. Ndivyo alivyo, akibanwa anaangalia vidole vyake vyenye wino, utadhani jibu limejificha kwenye kucha. Jatmiko, ambaye chuo kizima kilimwita Miko, akakirudisha kile kibao kwenye boksi pamoja na vingine. Vilikuwa kumi na moja, vya plastiki nyeupe, kimoja kwa kila kazi ambayo darasa lao lilikuwa linapeleka kwenye maonyesho ya samani Jakarta. Widuri ndiye aliyepewa kazi ya kuvichapisha kwa sababu ana mkono mzuri wa herufi. Kumi havikuwa na tatizo. Cha benchi la watu wawili ndicho kilichokuwa na mtu mmoja.

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, kwenye karakana ya chuo, Jepara. Lori lilikuwa linaondoka saa tisa. Pembeni Topan, rafiki yao, alikuwa anapiga msasa mguu wa meza ambao ulishapigwa msasa tangu Ijumaa. Masikio yake yalikuwa hayako kwenye meza.

Widuri akaeleza, kwa sauti ya chini, haraka haraka. Baba yake ndiye kasema. Alikuja jana kuangalia mizigo, akaona kibao cha kwanza, Widuri na Jatmiko, jina juu ya jina, akauliza hiki ni cha maonyesho au ni kile cha kuwekwa mdomoni mwa uchochoro siku ya harusi, pale kwenye makuti ya njano, ili wageni wasipotee. Wafanyakazi wa lori wakacheka. Baba hakucheka. Alisema nusu ya wafanyabiashara wa Jepara watakuwa Jakarta, na yeye hataki wasome jina la binti yake limelala na jina la kijana ambaye hesabu imeshamkataa.

"Kwa hiyo ukanifuta."

"Nimefuta plastiki, sijakufuta wewe. Acha maonyesho yapite. Tukirudi nitazungumza na baba taratibu."

"Leo kibao. Kesho itakuwa kadi ya mwaliko, na jina la mtu mwingine kabisa. Utasema ni karatasi tu."

Hilo lilimuuma Widuri, na Miko aliona limemuuma, na hakulirudisha. Akachukua nyundo ya mbao akaenda kulifungua benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa la mtiki, halina msumari hata mmoja. Kila kipande kilikuwa na ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, na ukijua pa kugonga unalitoa vipande saba, unavifunga kwa sponji na maboksi, unakwenda kuliunganisha mbele ya safari. Lilikuwa na viti viwili vilivyogeuziana migongo kidogo tu. Magoti yanaelekea kila upande na wake, mabega yanakaribiana. Ukikaa unamwona mwenzako kwa pembe ya jicho. Ukitaka kumtazama sawasawa inabidi ugeuze shingo, na yeye atajua umegeuza.

Wazo lilikuwa la Widuri. Alisema amewaona watu wanaopendana, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, wote wanaiba. Mwalimu Bowo alilipenda. Topan akasema hiyo ni samani ya watu waliogombana.

Walilitengeneza kwanza kwa maboksi, wakati bado hata mbao hazijachaguliwa. Mwalimu akawaamuru wakae juu yake nusu saa kila siku na kila mmoja aandike panapomuuma. Siku ya kwanza Widuri aliandika mgongo. Siku ya pili akaandika shingo. Siku ya nne Miko alichungulia karatasi yake akaona hajaandika kitu, na yeye vilevile hakuandika. Toka hapo nusu saa ikawa saa nzima. Widuri akawa anamwita Mas, kama msichana anavyomwita mwanamume anayemheshimu na anayemtaka, na akikasirika tu ndipo alirudi kwenye Miko. Asubuhi hii alikuwa Miko.

Hesabu waliyokuwa wanaizungumzia ilikuwa hivi. Kila mtu pale ana siku yake, ile siku ya wiki iliyokutana na siku ya soko, moja kati ya tano zinazozunguka, kama Kliwon, Legi au Wage, wakati anazaliwa, na inarudi kila baada ya siku thelathini na tano. Mwezi uliopita Pak Harjono, yaani Bwana Harjono, baba yake Widuri, alikuja chuoni, akaipapasa nakshi ya mgongo wa benchi, akaisifia kwa dhati, halafu akamuuliza Miko kama anauliza namba ya kiatu: siku yako ni ipi, kijana? Miko akamjibu bila kufikiri. Jumapili Kliwon.

Jioni hiyo bibi yake Widuri akahesabu, maana kila siku ina namba yake. Jumapili ni tano, Kliwon ni nane, kumi na tatu. Widuri ni Alhamisi Wage, kumi na mbili. Jumla ishirini na tano. Unatoa nane, unatoa nane, unatoa nane, inabaki moja. Moja ni kuachana.

Pak Harjono hakuwa mtu mbaya. Lori lilikuwa lake na alilitoa bila kuombwa mara mbili. Ana duka kubwa la samani barabara ya Tahunan na anajua mkono wa fundi akiuona. Lakini dada yake mdogo aliolewa kinyume na hesabu, wote wakamcheka bibi kwamba ni mambo ya kale, na mume akaondoka mwaka wa pili, hajulikani alipo mpaka leo. Toka hapo nyumbani kwao hakuna anayemcheka bibi.

Saa sita lori likaingia uani. Pak Harjono mwenyewe alikuwa amekaa mbele, na chupa kubwa ya chai, glasi kwenye kikapu na tofu za kukaanga kwa ajili ya vijana. Alisalimia kila mtu kwa jina, hata Miko. Akapanda juu ya lori akaanza kupanga mizigo kwa mikono yake kwa sababu hakumwamini dereva kwenye miguu ya viti.

Nyuma ya lori, kwa miguu, akaja Bu Sulastri, mama yake Miko, amebeba wali wa safari uliofungwa kwenye majani ya mgomba.

Bu Sulastri kazi yake ni kupiga msasa. Ameifanya miaka thelathini kwenye nyua za watu mbalimbali, na vidole vyake vimelainika mpaka mashine ya kitambulisho ilimkataa mara tatu. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, na mwanawe hakuwahi kumsikia akidanganya, hata bei ya samaki. Siku hiyo midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa amefunga. Kina mama wengi wa pale hufunga siku ya mtoto wao inaporudi, wanamwombea. Na siku ya Miko ilikuwa imerudi, leo ilikuwa Jumapili Kliwon. Tangu amzae, miaka ishirini na mbili, alikuwa hajaruka hata moja.

Topan alimwahi getini. Topan mdomo wake hauna breki. Kabla mama wa watu hajautua wali, alishaambiwa yote, kibao, makuti ya njano, ishirini na tano na ile moja iliyobaki. Miko alimwona mama yake kwa mbali anasikiliza, kichwa kimeinama, anapangusa jasho kwa ncha ya mtandio. Halafu alimwona anatembea, siyo kuja kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori.

Walisalimiana kwa adabu yote. Walizungumza kwanza kuhusu mvua, halafu afya ya bibi, halafu ubora wa mtiki wa siku hizi ambao hauivi vizuri. Wanafunzi wakaendelea kufunga mizigo, lakini kamba zilikuwa zinafungwa polepole sana. Ndipo Bu Sulastri akasema, bila kupandisha sauti, kwamba amesikia kuna hesabu imefanyika kuhusu mwanawe.

Pak Harjono akakohoa. Akasema ni kweli, na asimchukulie vibaya, kijana ni mzuri na mkono wake ni wa kipekee, ila siku zimekataa.

"Siku mlizohesabu siyo zake," akasema Bu Sulastri.

"Alinitajia mwenyewe. Jumapili Kliwon."

"Vijana wanasoma cheti, Pak. Mkunga aliandika tarehe ya kalenda, akaenda zake. Miko alizaliwa adhana ya magharibi imeshapigwa. Jumapili ilikuwa imekwisha. Ni Jumatatu Legi."

Kamba zikasimama mikononi. Hakuna mtu pale ambaye hakuelewa. Jua likizama siku imeondoka na nyingine imeingia, na anayezaliwa baada ya hapo ni wa kesho. Ni kosa ambalo vijana hulifanya sana, wanachukua tarehe ya cheti wanaiingiza kwenye simu na simu haijui adhana.

Pak Harjono akainua mkono, akaanza kugusa viungo vya vidole kwa kidole gumba. Jumatatu nne, Legi tano, tisa. Tisa na kumi na mbili, ishirini na moja. Akatoa nane. Akatoa nane. Akarudia toka mwanzo. Zikabaki tano mara zote mbili. Tano ni riziki, nyumba isiyokosa.

Hakutabasamu mara moja. Alimtazama yule mwanamke kidogo, kisha akageuka, akachukua chupa, akamimina glasi ya chai ya moto yenye harufu ya asmini, akaweka donge la sukari, akampelekea kwa mikono miwili.

"Karibu chai, Bu. Umetembea mbali kwenye jua hili."

Labda alikuwa mkarimu tu. Labda alikumbuka leo ni siku gani, maana mfanyabiashara anayajua masoko yote. Uso wake haukusema.

Miko alikuwa ameshika kipande cha mgongo wa benchi. Aliona mama yake anaitazama ile glasi. Aliona anaipokea. Midomo ilitamka bismillah bila sauti, glasi ikainuka, na Bu Sulastri akanywa, mpaka majani ya chini yakabaki peke yake. Akashukuru. Akasema ni tamu.

Hapo ndipo Pak Harjono akatabasamu.

Mengine yalikwenda haraka. Alimwita Widuri, akamwambia mbele ya watu kwamba kama kuna nafasi kwenye kibao basi kijana aandikwe, kazi ni yake vilevile. Akasema bibi ataambiwa jioni. Widuri aliweka mkono mdomoni. Alimtafuta Miko kwa macho juu ya vichwa vya watu, akampata, akamtazama usoni sawasawa mbele ya baba yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Halafu akakimbilia ndani kwenye benchi la kazi. Mashine ya kuchapisha ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo akaokota kipande cha mtiki kilichobaki, akachukua patasi ya Miko bila kuomba.

Topan akampiga Miko begani akamwita mkwe wa Tahunan. Miko alikiweka chini kile kipande, akamfuata mama yake bombani, alikokwenda kunawa.

"Mama. Umekunywa."

"Nilikuwa na kiu."

"Hujawahi kuwa na kiu Jumapili hii tangu nikufahamu."

Bu Sulastri akafunga bomba. Alichukua muda kuukung'uta mkono, kidole kwa kidole.

"Nilizaliwa saa ngapi?" akauliza Miko.

"Adhana ilikuwa karibu."

"Karibu siyo imepigwa."

"Kwa anayezaa ni kitu kimoja. Ungekuwa unazaa wewe ungeangalia saa?"

"Kila mara ulikuwa unaniamsha alfajiri, unaniambia leo ni siku yako, usiseme uongo leo. Kila mara."

Mama yake akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa na machozi wala aibu. Yalikuwa yamechoka tu.

"Unampenda yule mtoto au humpendi?"

"Nampenda."

"Basi nyamaza. Mimi siku yangu nitailipa. Nitafunga Jumatatu, waone. Na Jumapili nitafunga ndani, asijue mtu. Mbili siyo nyingi."

Akamkabidhi ule wali, akamwambia asile wote kabla ya kufika Semarang, akaondoka kwenda kukaa kivulini na kina mama wengine waliokuja kuaga watoto wao.

Miko alibaki pale na majani ya mgomba mkononi, bado ya moto. Alijaribu kuona mbele. Aliona harusi. Akaona nyumba ya Pak Harjono, bibi amekaa kwenye kiti chake, na mama yake analetewa sahani siku ya Jumapili, anaambiwa karibu, anakula. Au anasingizia tumbo. Kila siku thelathini na tano, mpaka atakapokufa, anajificha kumwombea mtoto wake kama mtu anayeiba. Alijaribu kuiondoa picha hiyo akaweka ya Widuri na macho yale ya juu ya vichwa vya watu, na ikakaa kidogo, halafu ile nyingine ikarudi.

Saa nane na nusu mizigo yote ilikuwa juu isipokuwa boksi moja. Mwalimu Bowo alishapanda mbele na mto wake wa shingo. Widuri akamkuta Miko ndani ya karakana, anafagia vumbi ambalo hakuna aliyemwomba alifagie.

"Mas," akasema. "Tazama."

Alikuwa amechonga majina mawili kwenye kile kipande cha mtiki. Widuri ni mtu wa penseli, patasi haimjui. Herufi za jina lake zilikuwa zimeinama kama zinapanda mlima, na kwenye Jatmiko ile k ilimponyoka ikatoka mkwaruzo mpaka ukingoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa na kitambaa chenye damu. Miko alikipokea kile kibao, akapitisha dole gumba juu ya jina lake. Akarudia tena, mpaka mwisho wa ule mkwaruzo.

"Ni kibaya," akasema Widuri. "Najua. Watadhani umechonga wewe, utaaibika Jakarta nzima."

"Widuri. Mama amedanganya."

Widuri akacheka kidogo, akidhani ni utani. Halafu akaona siyo.

Miko akamweleza. Hakuchukua muda, yalikuwa mambo mawili tu, ile adhana na ile glasi ya chai. Widuri alisikiliza huku anakizungusha kile kitambaa kidoleni. Alipomaliza, msichana alikwenda mlangoni, akachungulia nje kama kuna mtu karibu, akarudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, mama, na sasa wewe."

"Basi tumetosha. Sisi watatu hatuna haja ya kusema."

"Mimi ninayo."

"Ya nini, Mas?" Alimkaribia. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kwenye maboksi. "Dakika ngapi? Ishirini? Nusu saa? Baba amefurahi. Hujawahi kumwona baba amefurahi hivi. Bibi ataambiwa leo. Kwa nini tuuze maisha yetu kwa nusu saa?"

"Kwa sababu atakayeilipa hiyo nusu saa ni mama. Ataifunga siku yangu amejificha."

"Mwenyewe kataka. Ameimeza funga yake kwa ajili yako. Wewe unataka kuitapika?"

Miko aliangalia kibao, kwa sababu kumtazama yeye kulikuwa kugumu.

"Kuna njia nyingine," akasema mwishowe. "Nenda kamwambie baba yako ni Jumapili. Mwambie imebaki moja. Halafu mwambie unanitaka hivyohivyo, na moja yake. Nitasimama pembeni yako. Akinipiga anipige."

Widuri akageuza uso kwenye mlango. Kutoka pale alionekana baba yake juu ya lori, amepiga goti, anavuta kamba ya mwisho, na alikuwa anaimba kwa pua, wimbo wa zamani, anakosea maneno. Widuri alimwangalia muda mrefu. Miko akamwangalia Widuri anavyomwangalia. Aliijua ile shingo kwa pembe ya jicho kuliko mtu yeyote duniani, na aliona namna ilivyokazana, ikataka kwenda, isiende.

"Shangazi alirudi nyumbani na begi moja," akasema polepole. "Baba ndiye aliyempokea. Alikaa naye jikoni mwaka mzima. Mimi siwezi kumwambia baba moja, Miko. Naweza kumficha. Kumwambia siwezi."

Alikuwa amesema Miko.

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia umenivunja. Na mama yako utakuwa umemwita mwongo mbele ya watu."

"Sitasema mbele ya watu. Nitamwita pembeni. Benchi nitakuja kuliunganisha, nitapanda basi, hilo halina shida. Lakini kwenye lori lake siwezi kupanda na uongo huu, nikae naye bega kwa bega mpaka Jakarta."

"Unajisikia." Sasa sauti ilikuwa imebadilika, siyo kali, baridi tu. "Unajisikia msafi sana. Umenitaka nipigane na baba yangu, na bibi, na ukoo wote. Mimi nimekuomba kitu kimoja. Unyamaze. Siyo upigane, siyo ukimbie na mimi, siyo ubadilike. Kunyamaza tu, na kumekushinda."

Nje Mwalimu Bowo akauliza kwa sauti kama wako tayari. Pak Harjono akajibu kwa niaba yao kwamba waachiwe dakika moja, vijana wana mambo yao, na wafanyakazi wa lori wakacheka, na safari hii naye alicheka nao.

Miko alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja la kusema, sawa, lilikuwa fupi, na lingetosha. Alimwona Widuri analisubiri. Alimwona anasogea nusu hatua, kidole chenye kitambaa kimeinuka kidogo kana kwamba kinataka kumgusa shati, macho yanapita kutoka jicho lake moja kwenda la pili na kurudi. Widuri akampa muda. Akampa mwingine. Lile neno lilipanda mpaka kwenye meno yake, likakaa pale, na alipomeza mate likarudi chini.

"Siwezi," akasema.

Widuri akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa kipimo akakiandika.

"Bibi alihesabu akapata kuachana," akasema. "Nilimchukia mwezi mzima. Kumbe siku hazikuwa na kosa. Ni wewe."

Akanyoosha mkono, akakichukua kile kibao kutoka kwake. Akakilaza juu ya benchi la kazi, maandishi chini, taratibu, ili kisipige kelele. Kwenye boksi la vibao akatoa kile cha plastiki nyeupe chenye jina lake peke yake, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakibana kwapani. Kisha akageuka, akatoka mlangoni kwenye jua, akaenda kwenye lori.